Programu za Simu Kwenye Laptopu: Anza na Kivinjari, Kisha Waya, Emuleta Iwe ya Mwisho

Hapa Lubumbashi swali la namna ya kutumia programu za simu kwenye laptopu huulizwa na watu wa kila aina. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ambaye makundi yote ya darasa lake yako WhatsApp. Mama anayeuza vitenge soko la Kenya, komini ya hapa mjini, na kupokea oda kwa simu usiku. Kijana anayetengeneza video za TikTok, shingo inamuuma kwa kuinamia kioo kidogo. "Papa, minataka programu ya telefone iingie mu masini." Na mara nyingi jibu wanalopewa ni moja tu: pakua emuleta. Wanapakua, mega za intaneti zinakwisha, laptopu inapata joto na kuganda, halafu wanaamini mashine yao imekufa.

Haijafa. Wameanza na njia nzito kuliko zote. Ziko njia tatu za kutumia programu za simu kwenye laptopu, na ukizifuata kwa mpangilio ufaao, kuna uwezekano mkubwa hutafika hata kwenye ya tatu. Ya kwanza ni kutumia toleo la kompyuta la programu yenyewe. Ya pili ni kuleta kioo cha simu yako kwenye laptopu kwa waya. Ya tatu ndiyo emuleta, yaani kujenga simu nzima ya bandia ndani ya laptopu.

Sababu ya mpangilio huo ni ya kiufundi. Programu nyingi za Android zimetengenezwa kwa ajili ya prosesa za ARM, zile zilizo ndani ya simu. Laptopu nyingi tunazonunua hapa, Dell Latitude na HP EliteBook zilizotumika, zina prosesa za Intel au AMD, na zinaendesha Windows. Ili programu ya simu ifanye kazi humo, emuleta inawasha Android kamili juu ya Windows, na mara nyingi inalazimika pia kutafsiri maagizo ya ARM papo hapo. Kazi hiyo yote inakula RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), prosesa na betri. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, Windows peke yake imekwisha kuchukua sehemu kubwa kabla hujafungua chochote.

Angalia kwanza toleo la kompyuta

WhatsApp, Telegram, Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, Gmail na Canva zote zinafunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Hakuna haja ya kuiga simu kwa ajili yake.

WhatsApp nitaieleza kwa hatua, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Kwenye laptopu fungua Chrome, Edge au Firefox, andika web.whatsapp.com. Msimbo wa QR utatokea. Chukua simu, fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu vya juu, ingia "Appareils connectés", kisha "Connecter un appareil", na uelekeze kamera kwenye ule msimbo. Kama kamera ya simu yako imevunjika, usikate tamaa: chini ya msimbo pana chaguo la kuunganisha kwa namba ya simu. Laptopu itakuonyesha herufi na tarakimu 8, nawe utaziandika kwenye simu.

WhatsApp ya kwenye kivinjari ilianza mwaka 2015, na wakati ule simu ilipaswa kubaki imewaka na yenye intaneti. Tangu mabadiliko yaliyoanza mwaka 2021, sivyo tena. Unaweza kuunganisha hadi vifaa 4 pamoja na simu yako, na laptopu inaendelea kupokea ujumbe hata simu ikizimika. Kwa mji ambao umeme wa SNEL unaweza kukatika mchana mzima na simu ikaisha chaji kabla ya laptopu, hilo ni jambo la maana sana. Sharti lililobaki ni moja: simu isipotumika kwa siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa vinatolewa.

Kwa ujumbe wa kawaida wa SMS, kama simu yako inatumia programu ya Google Messages, nenda messages.google.com/web na uunganishe kwa namna hiyohiyo. Mwenye duka anayetaka kunakili jumbe za malipo na kuzipanga kwenye Excel atashukuru, kwani hatalazimika tena kuandika kila kiasi kwa mkono huku akisoma kwenye simu.

Ukishazoea tovuti fulani, unaweza kuifanya iwe na alama yake na dirisha lake kama programu kamili. Kwenye Edge bonyeza vitone vitatu, ingia "Applications", halafu chagua kusakinisha tovuti hiyo kama programu. Chrome nayo ina chaguo la namna hiyo kwenye menyu yake. Haili nafasi ya maana kwenye diski.

Na tafadhali sana: usisajili WhatsApp ndani ya emuleta kwa namba unayoitumia kwenye simu. Namba moja ina simu kuu moja tu. Ukithibitisha namba yako kwenye emuleta, WhatsApp ya kwenye simu inajifunga. Kuna watu waliofanya hivyo bila kujua, na mazungumzo ambayo hawakuwa wameyahifadhi hawakuyapata tena.

Njia ya waya: scrcpy

Sasa tuseme programu unayoitaka haina toleo la kompyuta. Labda ni programu ya kuhariri picha, ya mahesabu ya duka, ya kamusi, au ya darasa la lugha. Hapa ndipo watu hukimbilia emuleta, na hapa ndipo ningependa usimame.

Programu hiyo tayari iko kwenye simu yako. Tayari umelipia mega za kuipakua. Akaunti yako iko wazi, kazi zako zimo ndani. Kilichokosekana ni kioo kikubwa na kibodi. Basi acha simu ifanye kazi yake, na laptopu iwe kioo na kibodi tu. Programu inayofanya hivyo inaitwa scrcpy. Ilitolewa mwaka 2018 na Genymobile, kampuni ya Ufaransa. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, haikuombi akaunti, haisakinishi chochote cha kudumu kwenye simu, na kupitia waya haitumii intaneti hata kidogo. Inafanya kazi kwenye simu yoyote yenye Android 5.0 au zaidi, kwa hiyo Tecno, Infinix na itel nyingi zilizo mikononi mwetu zinaingia humo. Laptopu ya GB 4 inaibeba bila shida.

Hatua ya kwanza ni kuipata mahali pa kweli. Nenda github.com/Genymobile/scrcpy, shuka hadi sehemu ya kupakua kwa Windows, chukua faili la zip la win64. Halifiki mega 20. Ziko tovuti nyingine zinazojiita kwa jina la scrcpy na kupangwa vizuri machoni. Zikwepe, hata kama Google inazileta juu. Ukishapakua, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Extraire tout", na uweke folda hiyo mahali utakapoikumbuka.

Hatua ya pili iko kwenye simu. Nitatumia majina ya menyu kwa Kifaransa, maana simu nyingi hapa zimewekwa hivyo. Fungua "Paramètres", ingia "À propos du téléphone", tafuta "Numéro de build" (kwenye Samsung ni "Numéro de version", ndani ya habari za mfumo). Gusa mstari huo mara 7 mfululizo. Simu itakuomba namba yako ya siri, kisha itakuambia kwamba umekuwa msanidi programu. Usiogope, hakuna kilichoharibika na dhamana haijavunjika. Umefungua menyu iliyokuwa imefichwa tu. Rudi nyuma, ingia "Système", ufungue "Options pour les développeurs". Kwenye simu nyingine menyu hiyo iko mwisho kabisa wa ukurasa wa kwanza wa mipangilio. Humo washa "Débogage USB", yaani ruhusa ya kompyuta kuiamuru simu kupitia waya.

Wenye Xiaomi na Redmi wana kazi moja zaidi. Chini ya "Débogage USB" kuna swichi nyingine ya debogaje inayohusu mipangilio ya usalama. Bila hiyo utaona kioo cha simu kwenye laptopu lakini mausi haitagusa chochote. Iwashe, kisha uzime simu na kuiwasha tena.

Hatua ya tatu ni waya, na hapa watu wengi hukwama bila kujua sababu. Nyaya nyingi za bei ndogo zinazouzwa barabarani zina njia za umeme tu, hazina njia za data. Zinachaji vizuri, lakini laptopu haioni simu. Kabla ya kulaumu programu, chomeka na uangalie: je, simu inaonyesha taarifa ya USB inayokupa chaguo la "Transfert de fichiers"? Kama haionyeshi kitu zaidi ya kuchaji, tafuta waya mwingine, hasa ule uliokuja na simu ndani ya kasha lake.

Waya ukiwa mzuri, fungua folda ya scrcpy na ubofye mara mbili scrcpy.exe. Angalia simu mara moja: itauliza "Autoriser le débogage USB ?" Weka alama kwenye kisanduku cha kuruhusu daima kompyuta hiyo, kama laptopu ni yako mwenyewe, kisha ukubali. Dirisha jeusi la maandishi litafunguka, na sekunde chache baadaye kioo cha simu yako kitakuwa mbele yako. Dirisha likijifunga ghafla mara ya kwanza, mara nyingi ni kwa sababu ulichelewa kukubali. Bofya tena.

Kuanzia hapo mausi ni kidole chako. Kubofya kulia kunarudi nyuma, kubonyeza gurudumu la katikati kunakupeleka mwanzo. Maandishi unaweza kuyanakili kwa Ctrl+C na kuyabandika kwa Ctrl+V kutoka simu kwenda Word, au kutoka Word kwenda simu. Faili ukiliburuta kutoka laptopu na kuliachia juu ya dirisha, linaingia kwenye folda ya Download ya simu. Nadhani hili peke yake linatosha kumfanya mtu aache kabisa kutuma nyaraka kwake mwenyewe kupitia WhatsApp na kulipia mega mara mbili kwa kitu kilicho mezani pake.

Kwa laptopu dhaifu, au picha ikikatakata, punguza ubora. Ndani ya folda ya scrcpy, bofya kwenye upau wa juu ulioandikwa njia ya folda, futa, andika cmd na ubonyeze Enter. Kisha andika:

scrcpy -m 1024 -b 2M -S -w

Sehemu ya -m 1024 inapunguza ukubwa wa picha, -b 2M inapunguza data inayopita kwenye waya, -S inazima kioo cha simu huku programu zikiendelea, na -w inaizuia simu isilale. Kuzima kioo kuna faida ambayo si kila mtu anaifikiria: simu inachaji kutoka kwenye laptopu wakati wote waya ukiwa umechomekwa. Umeme ukiwa umekatika, simu inanyonya betri ya laptopu, na kioo kilichozimwa kinapunguza hasara hiyo.

Ukiandika Kifaransa, utagundua kwamba herufi zenye alama kama é na ç wakati mwingine zinagoma. Anzisha kwa scrcpy -K badala yake. Hapo simu inaona kibodi ya laptopu kama kibodi halisi iliyochomekwa. Bonyeza Alt+K, ukurasa wa kibodi utafunguka kwenye simu, uchague mpangilio wa Kifaransa kama laptopu yako ni AZERTY. Kiswahili hakina shida hiyo.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi namna ya kutumia programu fulani anaweza kuandika scrcpy -r somo.mp4, na kila kinachotokea kwenye kioo kitahifadhiwa kama video. Sauti nayo inafuata kama simu ina Android 11 au zaidi.

Kama laptopu haioni simu hata baada ya kubadilisha waya, jaribu tundu lingine la USB, fungua kufuli la simu, na kwenye taarifa ya USB chagua "Transfert de fichiers". Neno "unauthorized" kwenye dirisha jeusi maana yake simu bado inasubiri ukubali. Na programu ya benki ikionekana nyeusi tupu, scrcpy haina kosa: baadhi ya programu huzuia kioo chao kisionyeshwe popote nje ya simu. Huo ni ulinzi wako. Usitafute namna ya kuuvunja.

Emuleta, ikibidi

Kuna hali ambapo emuleta inafaa. Huna simu ya Android, au simu yako imejaa kiasi kwamba haipokei programu nyingine, au unataka kucheza mchezo mzito kwa kibodi, au unajifunza kutengeneza programu na unahitaji Android ya kujaribia.

Pima mashine kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ufungue "Performance". Kwenye "Mémoire" soma RAM. Kwenye "Processeur" tafuta neno "Virtualisation", yaani uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine ya bandia ndani ya laptopu. BlueStacks 5, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, inataja kiwango cha chini cha RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 5 kwenye diski, na inapendekeza GB 8 pamoja na diski ya SSD. Kwa maoni yangu, chini ya GB 8 usijaribu. Kiwango cha chini kinamaanisha itawaka. Hakimaanishi utaweza kufanya kazi.

Kama "Virtualisation" imezimwa, iwashe, la sivyo emuleta itajikokota. Zima laptopu, iwashe, na papo hapo gonga mfululizo F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell au Acer, F1 au F2 kwenye Lenovo. Kwenye skrini ya mipangilio tafuta "Virtualization Technology" au "VT-x", na kwenye AMD "SVM". Iweke "Enabled", hifadhi, utoke. Usiguse kitu kingine humo.

Pakua kutoka bluestacks.com peke yake. Faili la kwanza ni dogo, lakini likianza kusakinisha linavuta mamia ya mega, kisha Play Store nayo inajisasisha. Kwa hiyo ifanye kazi hiyo mahali penye Wi-Fi, kama chuoni au siber, wala si kwa forfe (kifurushi cha mega) ya siku. Najua wengi wanapeana emuleta kwa flashi, tena kwa nia njema. Mimi siipendi njia hiyo. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya ESET iligundua kwamba hata mfumo rasmi wa masasisho wa NoxPlayer, emuleta nyingine maarufu, ulikuwa umeingiliwa na kutumiwa kupenyeza programu za upelelezi kwa watu wachache. Kama hilo lilitokea kwenye chanzo rasmi, faili lililozunguka komini ya Kampemba nzima kwenye flashi za watu haliwezi kuaminiwa.

Baada ya kusakinisha, ingia kwenye mipangilio ya BlueStacks, sehemu ya utendaji. Toa nusu ya prosesa zako, si zote. Kwenye RAM ya GB 8, ipe emuleta GB 2 hadi 3. Shusha kasi ya picha hadi fremu 30 kwa sekunde kama huchezi michezo. Kwenye Play Store ingia kwa akaunti ya Google uliyoifungua kwa ajili hiyo tu, isiwe ile yenye picha na barua zako zote.

Ukikuta maelezo ya zamani yanayosifia uwezo wa Windows 11 wa kuendesha programu za Android bila emuleta, usipoteze muda. Microsoft ilikuwa nao kweli, kupitia duka la Amazon, lakini msaada wake ulikoma tarehe 5 Machi 2025.

Mega zako zisiibiwe na Windows

Wengi wetu tunaipa laptopu intaneti kutoka kwenye simu. Windows haijui kwamba unalipia kila mega. Inaona Wi-Fi na kuanza kupakua masasisho. Nenda "Paramètres", "Réseau et Internet", "Wi-Fi", fungua sifa za mtandao wa simu yako na uwashe "Connexion limitée". Fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Unafanya mara moja kwa kila mtandao, na Windows inakumbuka.

Pesa

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zibaki kwenye simu, pamoja na programu za benki. Usiziweke kwenye emuleta. Nyingi zinakataa zenyewe zikigundua simu si ya kweli, na zikikubali ndipo pa kuogopa zaidi: namba yako ya siri itakuwa inaandikwa kwenye kibodi ya mashine ambayo huenda imekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa kabla yako. Isitoshe, Windows 10 iliyo kwenye laptopu nyingi hapa iliacha kupata masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

iPhone, Mac na wengine

Mwenye iPhone na laptopu ya Windows hana njia nzuri zaidi ya matoleo ya kivinjari. Mac zenye chipu ya Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, zinaweza kusakinisha baadhi ya programu za iPhone na iPad kutoka App Store, pale mtengenezaji aliporuhusu. Chromebook nyingi zina Play Store ndani yake tayari.

Ukimaliza

Kama laptopu uliyotumia si yako, usiondoke hivihivi. Kwenye simu ingia WhatsApp, "Appareils connectés", gusa jina la kompyuta hiyo na uitoe. Kisha rudi "Options pour les développeurs", futa ruhusa zote za debogaje ulizotoa, na uzime "Débogage USB". Hili linawahusu hasa wanaopeleka simu kuchajiwa kwa watu wenye jenereta umeme unapokosekana: simu yenye debogaje iliyowashwa inaweza kukubali amri kutoka kompyuta iliyochomekwa nayo, mradi mtu mwenye kujua namba yako ya kufuli aguse kitufe cha kukubali.